Siku Emmett Alipoinua Mkono

Mimi Verdell sijawahi kuficha kwamba nina mdomo. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga, na mpaka leo, kichwa kizima mvi, sijaona sababu ya kuacha. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mdomo wangu ndio uliotaka kuua mswada wetu, mkubalie tu. Halafu muulize kama alikuwepo ukumbini siku ile, maana wengi wanaoisimulia hawakuwepo.

Sisi ni Watolak wa Juu. Mto ni mmoja, lugha moja, mababu walewale, ila walipokuja Wazungu na mikataba yao wakatugawa: ndugu zetu wakapewa mdomo wa mto, penye bahari na barabara kuu, sisi tukapewa huku milima inakoanzia. Watolak wa Chini wana jumba la kamari lenye taa usiku kucha, wana hoteli, wana uwanja wa magari mkubwa kuliko kijiji chetu. Sisi tuna ofisi ya baraza, zahanati ya chumba kimoja, kituo cha petroli, na mto unaoingia sebuleni kila vuli bila kubisha hodi.

Sheria ya zamani ya jimbo ilikuwa hivi: kila kabila lina mgao wake wa mashine za kamari, lakini lazima uziweke kwenye ardhi yako uliyotengewa. Ardhi yetu ni kinamasi. Ukijenga jumba leo, Novemba utalikuta baharini. Basi mgao wetu tukawakodishia wa Chini, hilo sheria iliruhusu, mashine zikawa zinalia huko kwao, sisi tunapata kodi. Sisemi walitudhulumu. Nasema tu kwamba mashine zetu zilikaa pakavu na sisi tukabaki kwenye tope.

Na wakati mashine zetu zikifanya kazi kwa wenzetu, kaka yangu Lyle alikuwa anasafiri kutafuta mashine moja. Figo zake zilikufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki anatolewa kitandani gizani, anapelekwa mjini kusafishwa damu, safari ya zaidi ya saa mbili kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, anarudi amekauka midomo hawezi hata kula. Vuli iliyotangulia mto ulikata barabara. Akakosa mashine, akakosa tena, akavimba mpaka macho yakafungika. Walimtoa kwa helikopta. Mimi ndiye niliyemshika mkono uwanjani tukiisubiri, na sikuwa na hakika kama naagana naye au la.

Binti yake, Rochelle, ndiye mwenyekiti wa baraza letu. Mdogo kiumri, lakini kichwa kimetulia, si kama changu. Helikopta ilipoondoka na baba yake, alianza kazi. Jimbo lilikuwa linabadilisha sheria za kamari mwaka huo, makabila makubwa yalikuwa yameruhusiwa kupokea madau ya mechi, kila mtu anajadili upya. Rochelle akapenya humo humo. Akapata seneta wa kuandika mswada: kabila ambalo ardhi yake huzama liruhusiwe kujenga jumba lake kwenye ardhi kavu liliyoinunua kando ya barabara, nalo lipokee madau ya mechi kama wengine. Wajenzi walikuwa tayari, wanangoja sheria tu. Na sharti letu la kwanza kwao lilikuwa hili: chumba cha kusafishia damu kitangulie kujengwa kijijini, jumba lifuate.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho ni damu yetu wenyewe. Wa Chini waliupinga mswada. Walisema jumba letu litawanyang'anya wateja wote wanaoteremka milimani. Na mwenyekiti wa kamati ya bunge, Seneta Halvorsen, mama wa Kizungu kutoka kwenye mashamba ya ngano, alimwambia Rochelle waziwazi kwamba yeye haingilii ugomvi wa ndugu. Mkija na kauli moja, alisema, nitaupigisha kura siku hiyohiyo. Mkija mnavutana, utalala mezani kwangu mpaka mpatane.

Basi kila kitu kilikuwa kwa Emmett.

Emmett ni mwenyekiti wa Watolak wa Chini tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ni binamu yangu; mama yake, Shangazi Agatha, alikuwa dada wa baba yangu, aliyezaliwa kwetu huku juu akaolewa kule chini. Nilikaa kwake kila kiangazi nilipokuwa mtoto. Mimi na Emmett tumegombania kila kitu, kuanzia vichwa vya samaki hadi nani alivunja kioo cha gari la padri. Na jambo moja lazima nilikiri ingawa linanichoma: katika mchezo wetu wa kuficha mifupa mikononi, pwani nzima hii hakuna mbashiri kama yeye. Nimemwona akikaa mbele ya watu wanaoficha vizuri kuliko mimi, akawatazama mabega tu, akanyoosha mkono, na mfupa ukawa palepale.

Mwezi wa Februari, Watolak wa Chini walifanya mashindano yao ya mpira wa kikapu wa wazee. Unajua tena, magoti yanalia kuliko filimbi. Mchana tukala ukumbini: supu ya chaza, samoni, mkate wa kukaanga. Baraza lao lote lilikuwepo, letu pia. Emmett akapita mezani kwetu na sahani yake, nyuma yake wakili wa kabila lao, Bwana Pruitt, mtu wa viatu vya kung'aa anayetembea kama anaogopa kukanyaga kitu. Emmett akamsalimu Lyle kwa heshima, akamshika bega. Kisha akanigeukia akauliza kama ni kweli tunataka kujenga jumba. Akasema tuanze na daraja kwanza, maana wateja wetu watakuja kwa kuogelea. Meza yao ikacheka.

Nilimwambia kwamba yeye anaringia mashine ambazo nusu yake ni zetu, kama mtu anayeringia koti la kuazima.

Akacheka, akasema koti la kuazima linampendeza kuliko mwenyewe.

Hapo ndipo mdomo uliponitoka. Nilikuwa natazama mkono wa Lyle uliokuwa juu ya meza, ule wenye mishipa iliyovimba kwa sindano, anajaribu kukata mkate na hana nguvu. Nikasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Emmett, maneno tumeyachoka. Tuweke mifupa. Ukishindwa, unakwenda bungeni Olimpia kusimama nasi. Tukishindwa, mswada tunauondoa wenyewe."

Kwetu dau likitajwa mbele ya watu halirudi mfukoni. Anayetajiwa ana njia mbili tu: alilinganishe au aseme hathubutu. Na Emmett kusema hathubutu, nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na aliyemtajia ni mimi? Hata. Akaweka sahani chini akasema dau linalingana, ila anaongeza kwamba tukishindwa mashine zetu zibaki kwake maadamu yeye ni mwenyekiti. Nikasema sawa. Wazee wa baraza lao wakagonga meza kukubali huku wakicheka, maana hawajawahi kumwona akishindwa ndani ya ukumbi ule.

Bwana Pruitt alimnong'oneza kwamba msimamo wa kabila hauwezi kuwekwa kwenye mchezo. Emmett akamwambia akale samaki.

Rochelle alinivuta mpaka kwenye korido. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Shangazi, umeweka damu ya baba yangu kwenye mifupa," alisema. "Baraza hukuliuliza. Mimi hukuniuliza. Miezi yote niliyolala kwenye gari kule Olimpia, umeitupa kwa kukasirishwa na utani."

Alikuwa anasema kweli. Lyle ndiye aliyetukuta pale, amejikongoja na ngoma yake kwapani. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho. Akamwambia kwamba kule Olimpia bila Emmett mswada utalala, na yeye vuli nyingine hana. "Figo ni zangu," alisema. "Nami nasema tucheze." Wajumbe wetu watatu waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwa vichwa. Rochelle akafuta macho, akaenda kukaa mstari wa nyuma, mbali na mimi.

Kama hujawahi kuuona mchezo, ni rahisi. Mistari miwili ya viti inatazamana. Upande unaoficha huwa na wafichaji wawili, kwa zamu, kila mmoja na jozi yake. Mfichaji ana vijifupa viwili vya kufumbata kiganjani, kimoja kina mkanda mweusi, kimoja ni cheupe kitupu. Anavichanganya chini ya shali, anatoa ngumi mbili, na mbashiri wa upande wa pili atafute cheupe kiko wapi. Akikosa analipa kijiti. Akipata, mifupa inahamia kwake. Upande utakaomaliza vijiti vyote vya wenzao umeshinda. Na muda wote huo upande unaoficha unaimba na kupiga ngoma kwa nguvu zote, kusudi kumvuruga mbashiri. Ni vita ya nyimbo. Anayedhani ni mchezo wa bahati hajawahi kukaa kwenye kile kiti.

Na sheria iliyo juu ya zote: mkono ukiondoka gotini umesema. Hakuna cha nilikuwa najikuna, hakuna cha nilikuwa nafukuza nzi. Ndiyo maana wabashiri wetu wakubwa hukalia mikono yao mpaka kanisani, na ukiwaita kwa kuwapungia hawakujibu.

Katikati aliketi Mama Philomena, bibi wa Chini mwenye kutunza vijiti, ambaye hana upande akishakalia kile kiti. Akasema tuanze.

Tulianza vibaya. Emmett alikuwa moto. Alimsoma mpwa wangu, akamsoma mke wa mpwa wangu, akanisoma mimi mara mbili mfululizo huku anatabasamu. Mifupa ikakaa kwao, mimi nikibashiri nakosa, na vijiti vyetu vikawa vinavuka sakafu kama vina miguu. Watu wao wakaanza kuimba ule wimbo wao wa kejeli, wa bata aliyepotea njia, wakinitazama mimi. Nikajikaza. Kwenye kubashiri nikapata bahati, nikapata tena, Lyle akabadilisha mdundo, upande wetu ukaamka. Wazee waliokuwa wamevua viatu vya mpira wakavivaa tena wakaja kusimama nyuma yetu. Vijiti vikaanza kurudi, kimoja kimoja, mpaka wa Chini wakabakiwa na kimoja.

Kijiti kimoja. Wa kuficha nilikuwa mimi peke yangu, jozi ya pili ya mifupa ilikuwa imeshakamatwa. Emmett akikosa, yamekwisha. Akipata, mifupa inakwenda kwao, na jinsi walivyokuwa na moto wangetunyoa.

Naye hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikaa na mikono juu ya magoti akinitazama bega la kushoto, kisha la kulia. Ananijua tangu nikiwa na meno ya maziwa. Tuliimba wimbo wa dubu, akatabasamu. Tukaimba wimbo wa reli, akatikisa kichwa kufuata mdundo, ananichezea. Niliona anakaribia. Kuna kitu kinamtokea machoni anapokaribia, yanatulia, na nilijua nikiongeza pumzi mbili tatu mkono utatoka na utakuwa sahihi. Nikamtazama Lyle. Jasho linamtoka, midomo imeshabadilika rangi, lakini bado anapiga.

Nikaunyamazisha wimbo. Nikaanzisha wa Shangazi Agatha.

Wimbo kwetu una mwenyewe. Mwenyewe akifa, wimbo unalala naye, mpaka yule aliyerithishwa aufungue, na mwingine yeyote akiutia mdomoni ni mwizi. Shangazi alinirithisha mimi jikoni kwake, tukipaa samaki, akasema mwanawe ana mkono wa kubashiri lakini sauti ni ya chura. Tangu tumzike sikuwahi kuufungua. Niliuogopa, kusema kweli. Unaanza chini, hauna maneno mengi, unapanda mahali pamoja tu kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Nilipofika pale unapopanda, sauti yangu ikavunjika, nami nikaiacha ivunjike. Wa kwanza kunipokea hakuwa wa kwetu. Ilikuwa sauti ya bibi mmoja wa Chini, kwenye mstari wa Emmett mwenyewe, nyuma ya kiti chake. Kisha mwingine. Walikuwa wameimba wimbo ule na Agatha maisha yao yote na hawakuweza kukaa kimya. Ngoma zao zikaingia. Nikaona ukumbi mzima, pande zote mbili, unaimba dhidi ya mtu mmoja aliyekaa mbele yangu.

Emmett aliacha kunitazama mabega. Machozi yakamjaa, na akawa ananiangalia usoni, kama tulivyokuwa wadogo mmoja wetu akiumia. Nikaendelea kuimba. Nikaurudia pale unapopanda.

Mkono wake ukainuka. Aliuinua kiganja kimenielekea, kama kusema basi, binamu, basi, na katika kuniambia basi ukapepea upande wa mkono wangu wa kulia.

Ngoma zikakatika. Mama Philomena alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkono umesema."

Nikafungua ngumi ya kulia. Mkanda mweusi. Nikafungua ya kushoto, mfupa mweupe umelala pale.

Upande wetu haukupiga kelele mara moja. Nadhani hakuna aliyeamini. Bwana Pruitt ndiye aliyeruka kwanza, anasema ile haikuwa kubashiri, mwenyekiti alikuwa anaomba tusimame, mtu yeyote mwenye akili ameona. Akamtaka Emmett akatae. Emmett akajifuta uso kwa mkono uleule, akamwambia akae chini, kwamba yeye Emmett akiukana mkono wake, marehemu mama yake angefufuka amchape mbele ya watu hawa wote. Akainuka, akachukua kijiti cha mwisho, akavuka sakafu na ule uzito wake wote akaja kukiweka mapajani mwangu.

"Umenipiga na mama yangu," alisema.

"Alikuwa wetu kabla hajawa wako," nilimjibu.

Hapo ndipo watu wetu walipolipuka. Lyle alikuwa ameinamia ngoma analia. Lakini Rochelle alitoka nje bila kusema nami, na siku zilizofuata akawa ananijibu kwa ndiyo na hapana tu.

Alikuwa na sababu. Kulikuwa na siku chache kabla ya kikao cha kamati, na kutoka Chini hakukuja hata simu. Tukasikia baraza lao limepoa baada ya supu kushuka tumboni, linasema mchezo ni mchezo na biashara ni biashara. Tukasikia Bwana Pruitt alikuwa ameshapeleka pingamizi lao kwa maandishi kabla ya mashindano, na hakuna aliyelirudisha. Nilimpigia Emmett. Hakupokea. Nikampigia tena nikamwachia ujumbe ambao siwezi kuurudia hapa, kuna watoto.

Olimpia mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Lyle hakuja, ilikuwa siku yake ya mashine. Tulikaa upande wa kushoto wa chumba cha kamati, Rochelle na makaratasi yake, mimi na shali yangu. Emmett aliingia amevaa suti, Bwana Pruitt kando yake na mkoba, baraza zima la Chini nyuma yao. Wakapita mbele yetu wakaenda kukaa upande wa kulia. Hakunitazama. Nilimwambia Rochelle nisamehe, nikamwambia vizuri, bila utani. Aliendelea kupanga makaratasi yake.

Rochelle alisema yake. Alisema vizuri, habari za mto na za ardhi kavu na za baba yake, hakulia. Seneta Halvorsen akamshukuru. Kisha akasema ana pingamizi la maandishi kutoka Watolak wa Chini, na kama kuna mtu wa kulitetea aje mbele.

Bwana Pruitt akasimama na mkoba wake. Emmett akamshika mkono wa koti akamrudisha kitini, polepole, kama unavyomkalisha mtoto kanisani. Akaenda yeye. Kiti cha shahidi kilikuwa kidogo kwake. Akaisogeza maikrofoni, akakohoa, akasema, "Mheshimiwa, hilo karatasi liondoeni. Sisi na wao ni mto mmoja. Wao wako juu yetu, maji yao ndiyo tunayokunywa. Watolak wa Chini wanaunga mkono."

Nyuma yake mjumbe mmoja wa baraza lake alianza kunyanyuka. Mama Philomena, ambaye hata sikujua amekuja, akamgeukia akamtazama tu. Akakaa.

Seneta Halvorsen alivua miwani. Akauliza ni nini kilichobadilisha msimamo wao, kwa kuwa lile pingamizi lilikuwa na kurasa nyingi na lilionekana la dhati. Emmett akafikiri. Alisema tulilizungumza kwa njia yetu, mbele ya watu, na yeye akashindwa. Seneta akauliza kama kushindwa kwenye mazungumzo kunamfunga mwenyekiti wa kabila. Emmett akamwambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mama. Mimi nimeshindana maisha yangu yote."

Kura ikapigwa hapohapo, kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo. Ndiyo. Mzee mmoja mwembamba akasema hapana, sijui alikuwa na ugomvi na nani. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Seneta Halvorsen mwenyewe wa mwisho, ndiyo. Mswada ukatoka pale ukaenda ukapita kwingine kote kama uliopakwa mafuta, na kabla miti haijamaliza kuchipua majani gavana akautia saini.

Lakini mimi nilikuwa bado koridoni siku ile ya kamati, nimemkumbatia Rochelle, analia kwenye shali yangu kwa sauti, mwenyekiti mzima wa kabila. Akaniambia, "Shangazi, usirudie tena. Nakuomba. Usirudie tena maishani." Nikamwambia sirudii. Emmett akapita pembeni yetu akasema nisiaminiwe. Nilimshika tai nikamvuta akainama, nikambusu shavu, nikamwambia sauti ni ya chura lakini leo ameimba. Baraza lake lilikuwa bado limemnunia. Alikula chakula cha mchana na sisi.

Tukampigia Lyle kule mjini, kwenye kiti cha mashine. Akaanza kuimba, tukamsikia muuguzi anamkaripia atulize mkono wenye sindano, na wagonjwa wa viti vya jirani wanauliza huyu mzee ameshinda bahati nasibu au vipi. Akawaambia zaidi ya hiyo.

Chumba kilimalizika kabla ya jumba, kama tulivyotaka. Kipo juu ya kilima, nyuma ya zahanati, maji hayafiki. Asubuhi ya kwanza tulikwenda kumngoja, mimi na Rochelle na nusu ya kijiji, muuguzi mpya ameshawasha mashine. Saa ya Lyle ikafika, Lyle hayupo. Mto ulikuwa umejaa siku ile, unanguruma mpaka tunausikia, barabara ya mjini imeshafungwa. Rochelle akaanza kuangalia saa. Nikatoka nje kumtafuta.

Nilimwona chini barabarani, amevaa ndara na koti la kulalia, kikombe cha kahawa mkononi. Amesimama kwenye ua wa jirani, anapiga soga. Alikuwa ameshasimama nyumba mbili kabla ya hiyo, na alisimama nyingine moja baada ya kuniona. Muuguzi alimgombeza mlangoni kwa kuchelewa. Lyle akamwomba radhi, akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa koti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuichelewa mashine kwa ajili ya umbea, si kwa ajili ya mto.